Shajara ya bwawa letu: herufi A, herufi B, na walio chini ya tuta

Julai 6, 2024

Kamati ya maji imekubaliana leo kwamba bwawa lichimbuliwe matope kabla ya mvua za vuli. Huku kwetu Makueni vuli ndiyo mvua ya kutegemewa, masika huja inavyotaka, kwa hiyo muda tulionao ni huu hadi katikati ya Oktoba. Mimi ni katibu, na nimepewa daftari niandike kila hatua. Nafundisha hisabati katika shule ya msingi iliyo bondeni, chini ya bwawa hilohilo.

Bwawa ni tuta la udongo lililoziba korongo la msimu. Wazee wanasema lilianza enzi za ALDEV, ile bodi ya serikali ya kikoloni iliyochimba mabwawa mengi Ukambani baada ya 1946, na vikundi vya mwethya, yaani kazi ya pamoja ya wanakijiji, vikaja kulikarabati baada ya uhuru kwa majembe na karai. Wengi bado huliita silanga. Bomba moja la inchi 4 linapita chini ya tuta hadi kwenye tangi na kioski cha maji, na ng'ombe wana hori lao kando. Ukame wa 2020 hadi mwanzoni mwa 2023, mvua zilipokosekana misimu mitano mfululizo, bwawa lilikauka mara mbili. Masika ya mwaka huu yamelijaza hadi pomoni.

Kwenye faili la mwenyekiti kuna karatasi moja tu ya maana. Imeandikwa: "Bwawa dogo, Daraja A. Kina mita 4.5." Hakuna anayejua nani alipima, wala lini.

Julai 13

Tumepima wenyewe. Hatuna vifaa vya wapimaji ardhi, lakini fundi wetu analeta ule mpira mwangavu wa maji wa kusawazishia misingi ya nyumba, na ukiutumia kwa subira hauongopi. Tulikuwa watano na vijiti, kamba ya mita 50 na boti ya mbao tuliyoazima.

Kutoka sakafu ya zamani ya korongo hadi kizingiti cha spilwei, yaani pale maji yanapoanza kumwagika pembeni bwawa likijaa, ni mita 5.4. Si 4.5. Katika hizo, mita 1.7 ni matope; tuliyachoma kwa nondo ndefu hadi tukagonga mchanga mgumu. Urefu wa maji kurudi nyuma bwawa likijaa ni mita 330, na upana wake kwenye tuta ni mita 118.

Kuna hesabu fupi wanayoitumia wajenzi wa mabwawa madogo: zidisha urefu, upana na kina, kisha gawa kwa 6, kwa sababu bwawa la bondeni halina umbo la sanduku, lina umbo la kabari. Inatoa karibu mita za ujazo 35,000. Niliwapa wanafunzi wangu hesabu hiyo jioni bila kuwaambia ni ya nini. Mmoja alijua. Akauliza, "Mwalimu, hili si la huku juu?"

Julai 14

Sikulala vizuri, nilisoma kanuni. Kanuni za usimamizi wa rasilimali za maji za 2007 ziliyagawa mabwawa ya Kenya katika madaraja matatu. A ni lile ambalo kina cha maji hakifiki mita 5 na ujazo haufiki mita za ujazo 100,000. B huanzia mita 5 na kuishia chini ya 15, na ujazo wake ni kati ya 100,000 na milioni 1. Zaidi ya hapo ni C. Eneo linalokusanya mvua nalo lina safu yake kwenye jedwali.

Kwa ujazo sisi ni A, tena A ya chini kabisa. Kwa kina tumevuka kwa sentimita 40.

Julai 20

Kikao kirefu. Nilidhani wataguna, wakaguna kweli. Herufi ikibadilika ina maana ya mhandisi mwenye leseni, michoro, safari za kwenda kwa Mamlaka ya Rasilimali za Maji, na pesa tulizotenga kwa trekta zitapungua. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya mwethya hapa akiwa kijana alisimama akasema, "Mwalimu, matope ni matope. Maji yenyewe hayafiki mita 4. Mbona utuhesabie udongo?"

Ni swali la haki na sikulijibu vizuri. Nilisema tu kwamba sisi wenyewe ndio tunaopanga kuyatoa hayo matope, na tukishayatoa, kina kitarudi 5.4. Mama mweka hazina akamalizia, "Basi tunajenga B kwa karatasi ya A." Kikao kikapitisha mhandisi aitwe.

Agosti 3

Mhandisi amekuja. Ni kijana, mpole, mwenye buti zilizochakaa, na alitumia saa mbili za kwanza akitembea bila kusema. Alitembea juu ya mgongo wa tuta, akarudi kupitia mguu wa nje wa tuta, pale linapokutana na ardhi, akapiga magoti palipo na majani mabichi wakati kila mahali pamekauka. Alichotuonyesha nitakiandika kirefu, kwa sababu tumepita hapo miaka yote bila kukiona.

Kwanza, njia ya ng'ombe. Mifugo huvuka tuta mahali pamoja, na kwato zimelishusha. Tulipima kwa mpira: sentimita 35 chini ya mahali pengine. Kwa macho ni kama kijinjia cha kawaida tu.

Pili, magunia. Wakati wa ukame jirani yetu mmoja alipanga magunia ya mchanga kwenye spilwei ili bwawa libakize maji zaidi. Yamekaa hapo, nyasi zimeyafunika, yanainua kizingiti sentimita 25.

Akachukua kalamu. Spilwei yetu ina upana wa mita 9. Wakati tuta lilipokuwa sawa, kulikuwa na mita 1 kamili kutoka kizingiti hadi mgongo wa tuta, na kwa kina hicho mkondo ungeweza kupitisha karibu mita za ujazo 15 kwa sekunde kabla maji hayajapanda juu ya tuta. Toa 35, toa 25, imebaki sentimita 40. Wengi tungesema uwezo umepungua hadi 40 kwa 100. Hapana. Mtiririko haufuati kina moja kwa moja, unafuata kina kilichopandishwa kwa kipeo cha 1.5. Kilichobaki ni mita za ujazo 3.9 kwa sekunde. Robo.

Nilirudia hesabu hiyo mara tatu kwenye daftari langu. Ni sahihi. Na mwezi wa Aprili, nchi nzima ilipokuwa kwenye mafuriko, nilisimama hapa na wanafunzi tukashangilia bwawa limejaa. Maji yalikuwa shibiri moja chini ya njia ya ng'ombe.

Tuta la udongo halistahimili maji ya kupita juu yake. Saruji inaweza kumwagikiwa saa nzima ikabaki. Udongo hukatwa kuanzia mteremko wa nje, kijito kinachimba kurudi nyuma, na kikifika upande wa maji hakuna mtu wala mashine ya kukizuia.

Tatu ni ile sehemu mbichi kwenye mguu wa tuta, karibu na bomba. Maji yanatoka polepole. Alisema kila tuta la udongo hupitisha maji kidogo, na hilo peke yake si ugonjwa. Ya kuangalia ni mawili: je, yanaongezeka, na je, yanabeba udongo? Maji safi ni jasho la tuta. Maji ya tope ni tuta lenyewe linatoka kidogokidogo kutoka ndani, na hufuata sana ukuta wa nje wa bomba la zamani kwa sababu hapo ndipo udongo haukushindiliwa vizuri. Ameagiza tukinge kwa ndoo kila Jumamosi na tupime muda, na tuweke maji kwenye chupa ya kioo usiku kucha tuone kama kuna kinachotua.

Ndoo ya lita 20 leo: dakika 4 na sekunde 10. Chupa: safi.

Agosti 4

Swali la mzee kuhusu matope nilimpelekea mhandisi jana kabla hajaondoka. Alimjibu mwenyewe, kwa heshima: "Mzee, tuta likikatika, tope lililolowa halibaki nyuma. Linatoka na maji, na ni zito kuliko maji." Mzee alinyamaza, kisha akasema, "Solai."

Sote tunaikumbuka. Usiku wa Mei 9, 2018, tuta la bwawa la Patel lilikatika Solai, kaunti ya Nakuru, baada ya mvua kubwa, likazoa nyumba zilizokuwa chini ya mlima. Walikufa zaidi ya watu 40, wengi wao wanawake na watoto. Lilikuwa bwawa la shamba. Mabwawa ya shamba mara nyingi hayatajwi kwenye orodha ya mabwawa makubwa ya dunia, maana bwawa huhesabiwa kubwa likianzia mita 15, au likiwa na mita 5 na zaidi lakini limebeba zaidi ya mita za ujazo milioni 3.

Agosti 10

Leo tumefanya kazi ambayo nadhani ndiyo kiini cha mradi huu wote, ingawa hatukuinua hata jembe. Tumetembea kushuka korongo.

Mhandisi alitueleza kwamba kuna maswali mawili yanayochanganywa kila siku. Moja ni hali ya tuta: zima au bovu. Lingine ni kitakachopotea likikatika. La pili halijali ukuta ni mpya au umezeeka. Afrika Kusini wanayatenganisha waziwazi kwenye kanuni zao: bwawa lina daraja la ukubwa kwa kimo cha ukuta, na lina daraja la hatari kwa watu na mali walio chini. Kama hakuna maisha yatakayopotea, hatari ni ndogo. Kama ni watu hadi 10, ni ya kati. Zaidi ya 10, ni kubwa. Kisha hayo mawili huunganishwa kupata kundi la bwawa. Ukuta wa mita 6 uliotengenezwa vizuri, wenye kijiji chini yake, unabaki na hatari kubwa, na hiyo si tusi kwa aliyeujenga. Ni sababu ya kuutunza.

Kwa hiyo tulibeba daftari. Mita 400: nyumba mbili, familia moja yenye watoto watano, hawakuwepo hapo nilipohamia 2009. Mita 700: shamba la mboga, pampu, kibanda anacholala kijana wa zamu. Mita 900: barabara ya murram inavuka korongo juu ya kalvati moja, yaani pito la maji chini ya barabara, yenye kipenyo cha sentimita 60. Mita 1,100: soko dogo, lenye vibanda ambavyo vimejengwa hadi ukingoni kwa sababu kiwanja cha juu ni ghali. Mita 1,300: shule. Shule yangu. Ukingo wa korongo uko mita 60 kutoka madarasa ya watoto wa chekechea.

Pale kwenye kalvati mwenyekiti alisimama muda mrefu. Aprili 29 mwaka huu, alfajiri, Mai Mahiu ilisombwa, na kwanza ikasemwa ni bwawa limepasuka. Baadaye ikaelezwa kwamba lilikuwa pito la maji chini ya reli ya zamani lililozibwa na miti na tope. Udongo wa reli ukashikilia maji yaliyojikusanya nyuma yake, kisha ukaachia. Barabara yetu iko namna hiyohiyo. Tuta la juu likikatika, tope na magogo vitaziba kalvati, maji yatasimama, na barabara itakuwa bwawa la pili, mita 400 tu kutoka shuleni, lisilo na daraja A wala B, wala spilwei.

Wakati tuta linajengwa, chini yake kulikuwa na malisho na mibuyu. Aliyeandika A huenda aliangalia akaona mbuzi tu. Bwawa halijaongezeka hata inchi moja tangu siku ile, tena limepungua kwa matope. Walioongezeka ni sisi.

Mhandisi alifanya hesabu ya kilele cha mafuriko kwa kanuni ya Froehlich ya 1995, inayotumia ujazo na kina pekee. Kwa bwawa letu likiwa limejaa inatoa karibu mita za ujazo 107 kwa sekunde. Kwa kuwa mtiririko hupanda hadi kilele kisha hupungua, maji yote yangeisha kwa dakika kumi hivi. Nimezoea kusema dakika kumi darasani: "mna dakika kumi." Leo sikuweza kulitamka neno hilo wakati wa kufunga mkutano wa wazazi.

Agosti 17

Baraza la chifu. Nilisoma orodha ya korongo mita kwa mita, kisha nikasoma zile namba za spilwei. Sikuongeza maneno. Watu walikuwa kimya kiasi kwamba nilisikia ndege.

Jirani wa magunia alisimama mwenyewe. "Mwalimu, nilitaka maji yatoshe hadi Oktoba." Ni kweli, na mwaka ule yalitosha hadi Oktoba, na watoto wake na wangu walikunywa. Hakuna aliyemnyooshea kidole, na nimefurahi. Jioni hiyohiyo alikwenda na wanawe wawili wakayatoa magunia yote 44, moja baada ya jingine.

Kamati imepitisha: tuombe kibali kama Daraja B, tupunguze eneo la kuchimbua, na pesa zinazobaki ziende kwenye tuta na spilwei.

Agosti 24 hadi Septemba 21

Kazi za mikono zimenibana, ninaandika kwa mkupuo.

Njia ya ng'ombe tumeifunga kwa ua wa miiba na tumewatengenezea njia nyingine kuzunguka. Kujaza ile sehemu iliyoshuka kulituchukua Jumamosi mbili. Kijana mmoja alishaleta mkokoteni wa udongo mweusi wa pamba kwa kuwa uko karibu, tukaurudisha. Ule udongo ukinyeshewa unavimba, ukikauka unapasuka nyufa za kuingia mkono, na ufa kwenye mgongo wa tuta ni mlango. Tumetumia udongo mwekundu wenye mfinyanzi. Kipimo cha mhandisi ni kiganja: ubonyeze, ushikane bila kukuachia maji mkononi. Tabaka la sentimita 15, nyunyiza, shindilia, kisha kwaruza juu kabla ya tabaka linalofuata ili yashikane. Kina mama wa mwethya walishindilia wakiimba, na kwa maoni yangu hakuna roli ingeshindilia vizuri zaidi pale pembeni. Tumeacha mgongo juu kidogo ya usawa, kwa maana udongo mpya utatulia.

Miti ilizua mvutano. Kuna mikaratusi minne kwenye mteremko wa nje, mathenge mingi, na mgunga mmoja mkubwa ambao wazee hukaa chini yake. Mizizi ikifa ndani ya tuta huoza na kuacha mirija. Mathenge na mikaratusi imeng'olewa na mizizi yake, mashimo yakajazwa kwa tabaka vilevile. Mgunga umesimama pembeni ya tuta, si juu yake, kwa hiyo umebaki, nami nashukuru. Tumepanda nyasi badala ya miti. Vichuguu viwili vimechimbuliwa hadi kwa malkia.

Uchimbuaji umetoa kama nusu ya matope, na umeachwa mbali na tuta mita 10 upande wa maji, kwa sababu ule mfinyanzi uliotulia kwenye mguu wa ndani ndio unaoziba uvujaji. Matope yote yamekwenda mashambani. Ni mbolea ya miaka mingi ya mbuzi wa juu.

Ndoo kwa Jumamosi tano: 4:10, 4:15, 4:30, 4:50, 5:05. Maji ya bwawa yanashuka, na uvujaji unashuka nayo. Hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Chupa zote safi.

Oktoba 5

Sehemu mbichi imefunikwa: mchanga safi kwanza, kokoto ndogo juu yake, mawe mwisho. Nilikuwa nimefikiria tungeiziba kwa saruji. Mhandisi alikataa katakata. Ukiziba, maji yatatafuta njia nyingine usiyoiona. Ukiweka mchanga, maji yanapita na udongo unabaki. Pembeni tumechimbia kibomba kifupi ili ndoo iendelee kupimwa.

Bomba la inchi 4 lenyewe limeliwa na kutu. Litabadilishwa msimu wa kiangazi, na hilo ndilo linalonipa wasiwasi uliobaki.

Oktoba 12

Zoezi la kwanza la tahadhari. Mwenye zamu kwenye tuta anampigia mwenyekiti, mimi, na mwenye duka la kwanza sokoni. Mwenye duka anatuma mtu akapige kengele ya kanisa, mfululizo bila mapumziko, tofauti na ya ibada. Watoto wanapanda kwenye uwanja wa juu, si kwenye barabara. Mara ya kwanza chekechea walichukua dakika 9. Tumewatafutia njia nyuma ya jiko, tukakata ua. Mara ya pili, dakika 4.

Kijana wa pampu hana simu. Kamati imemnunulia.

Novemba 2

Vuli imeanza kwa manyunyu. Maombi ya kibali yamepokelewa na afisa wa maji amekuja kuona. Alipima kina mwenyewe akapata 5.4. Aliniuliza orodha ya korongo niliipata wapi, nikamwambia tulitembea. Ameomba nakala.

Novemba 16

Mvua si nyingi mwaka huu. Fimbo ya kipimo kwenye bwawa: mita 2.3 juu ya sakafu iliyochimbuliwa. Spilwei kavu, imefyekwa, kizingiti wazi. Mgongo wa tuta umetulia sentimita 2 pale kwenye kiraka. Ndoo: dakika 5 na sekunde 40. Chupa ya jana usiku ipo dirishani kwangu, nimeishika mbele ya jua asubuhi hii. Chini hakuna kitu. Nyumba mpya inachimbwa msingi mita 500 kutoka tuta, upande wa kushoto. Nimemwendea mwenye nyumba, tumekubaliana kukutana Jumanne na chifu kabla hajamwaga zege.